Shajara ya skripti moja: ni mkono wa nani unaomwacha Edith Keeler afe?

Shajara hii inafuata hadithi moja tangu ilipokuwa muhtasari wa karatasi chache hadi ilipofika hewani: The City on the Edge of Forever, yaani Jiji Ukingoni mwa Milele, episodi ya msimu wa kwanza wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani kuhusu safari za anga za juu. Tumeipanga kwa tarehe za rasimu ili anayeandika tamthilia za televisheni aweze kuifuata na kuijaribu njia hiyo kwenye kazi yake. Yaliyokwenda vizuri tumeyapitia haraka. Nafasi kubwa tumeiacha kwa yaliyokwama.

Kwa asiyeijua hadithi: Kapteni Kirk na msaidizi wake Spock wanapita kwenye lango la wakati na kutua New York mwaka 1930, enzi za mdororo mkuu wa uchumi. Wanamfuata mtu aliyetangulia na kuivuruga historia. Huko Kirk anampenda Edith Keeler, mwanamke anayeendesha kituo cha kulisha maskini. Kisha wanagundua kwamba Edith hana budi kufa kwenye ajali ya barabarani, la sivyo historia haitarudi ilivyokuwa.

Namna ya kuzisoma rasimu: kila moja iulize maswali manne. Nani anaivuruga historia? Nani anamwacha Edith afe? Mtazamaji atajuaje kwamba historia imeharibika? Na je, hayo yote yanadai seti ngapi mpya? Majibu ya maswali haya ndiyo yaliyobadilika kwa mwaka mzima. Mapenzi, mwaka wa 1930 na kifo cha Edith havikuguswa.

Kabla ya rasimu ya kwanza: vipimo

Episodi ilichukua saa moja ya ratiba, na ukitoa matangazo zilibaki takriban dakika 50 za picha. Zilianza na tukio fupi la kumnasa mtazamaji, kisha sehemu nne zilizokatwa na matangazo. Siku za kupiga picha zilikuwa sita. Bajeti ya episodi ya kawaida msimu huo ilikaribia dola 190,000. Seti zilizokwisha kujengwa ndani ya studio za Desilu zilikuwa chumba cha uongozi cha chombo cha angani Enterprise, korido, chumba cha kusafirishia watu, zahanati na vyumba vya kulala. Ukiandika tukio ndani ya hizo, gharama yake ni ndogo. Ukitoka nje yake, kila sentensi ina bei. Mwandishi aliyezoea riwaya hili humponyoka, kwa sababu kwenye karatasi jiji zima na chumba kimoja huchukua wino uleule.

21 Machi 1966: muhtasari wa kwanza

Harlan Ellison, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa kwenye hadithi fupi, aliwasilisha muhtasari miezi kadhaa kabla Star Trek haijaonyeshwa hata mara moja. Chimbuko lake, kwa maelezo yake mwenyewe, lilikuwa wasifu wa mhubiri Aimee Semple McPherson. Ellison alijiuliza ingekuwaje Kirk akimpenda mwanamke wa namna hiyo, mwenye moto wa kuhubiri wema, halafu mwanamke huyo ikambidi afe.

Majibu ya maswali manne yalikuwa hivi. Anayeivuruga historia ni Beckwith, ofisa wa Enterprise anayeuza kwa siri vito vya sauti, dawa ya kulevya ya kubuni. Anamuua mwenzake LeBeque aliyetaka kumfichua, kisha anakimbilia wakati uliopita. Lango linalindwa na Walinzi wa Milele, wazee warefu kupita kimo cha binadamu. Na mwishoni Kirk anashindwa. Beckwith anataka kumwokoa Edith, Kirk anasimama kama aliyepigwa ganzi, na Spock ndiye anayezuia.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililokuwa moyo wa hadithi ya Ellison. Alitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza kupenda kiasi cha kuuacha ulimwengu wote uangamie. Ni wazo zito, na limeandikwa kwa uaminifu. Pia ndilo lililoleta ugomvi wote uliofuata.

13 Mei na 3 Juni 1966: muhtasari wa pili na skripti ya kwanza

Skripti ilichelewa. Mfululizo ulikuwa ukiandaliwa wakati huohuo na ulihitaji skripti kila wiki, na Ellison alipewa ofisi ndani ya kiwanja cha studio ili aandike chini ya macho ya wenyeji wake. Karatasi zilipotoka zilisifiwa kwa uzuri. Kisha Robert Justman, aliyesimamia hesabu za utengenezaji, akaanza kupiga mahesabu.

Tatizo la kwanza lilikuwa chombo cha Condor. Kwenye rasimu za Ellison, historia ikishavurugika, Kirk na wenzake wanarudi juu na kukuta Enterprise haipo. Mahali pake pana chombo cha maharamia. Janice Rand, karani wa kapteni, na wenzake wanabaki kukishikilia chumba cha kusafirishia watu huku Kirk na Spock wakienda 1930. Kwa mtazamaji ni jibu zuri kwa swali la tatu, maana anaiona dunia iliyoharibika kwa macho yake. Kwa mtunza hesabu ni mavazi mapya ya kundi zima, seti zilizobadilishwa sura, waigizaji wa ziada, mapigano ya kupangwa na muda wa kuyapiga. Na yote hayo yanatokea mbali na Edith, kwa hiyo kila dakika ya maharamia ni dakika iliyonyang'anywa mapenzi.

Tatizo la pili lilikuwa Walinzi wenyewe na jiji lao. Kuwafanya waigizaji waonekane majitu kulidai mavazi maalumu na pembe maalumu za kamera, na jiji lilihitaji kuonekana kwenye upeo wa macho.

La tatu halikuwa la fedha. Gene Roddenberry, muasisi wa mfululizo, hakukubali mabaharia wake wauziane dawa za kulevya. Miaka ya baadaye alizoea kusema kwamba Ellison alimfanya Scotty, fundi mkuu wa chombo, kuwa muuzaji. Hakuna rasimu yenye kitu hicho. Muuzaji ni Beckwith, mhusika aliyetungwa kwa ajili ya hadithi hii peke yake. Yeyote anayeifuata kazi hii ashike rasimu zenyewe mkononi, asitegemee masimulizi ya baadaye.

Agosti hadi Desemba 1966: marekebisho yasiyotosha

Ellison aliendelea kurekebisha, Agosti na tena Desemba. Alipunguza, akahamisha, akafupisha. Ila alichokuwa akipunguza ni ukubwa wa matukio, na sababu za matukio hayo hazikuguswa. Maadamu Beckwith yupo, unahitaji kumtambulisha, kuonyesha uhalifu wake, kumuua LeBeque na kumtorosha. Hizo ni dakika nyingi kabla hatujamwona Edith hata mara moja.

Tunamkumbuka hapa mhusika mmoja aliyepotea, kwa kuwa ndiye hasara kubwa kuliko zote za skripti hii. Anaitwa Trooper, askari wa vita vya kwanza vya dunia aliyepoteza miguu yake Verdun, na sasa anaishi mitaani New York. Kirk na Spock wanamtumia kumtafuta Beckwith, na Beckwith anamuua. Ellison alikusudia kuuliza: ikiwa maisha ya Edith yana uzito kwenye historia, je, ya huyu hayana? Hakuna anayeulizia iwapo kifo cha Trooper kitabadilisha chochote. Swali hilo halikupata nafasi kwenye episodi iliyotoka, na hakuna kilicholijaza pengo lake.

Katikati ya kazi hiyo Grace Lee Whitney, aliyemwigiza Rand, aliondolewa kwenye mfululizo. Kazi zake ndani ya skripti zikabaki bila mwenyewe. Hilo huwapata waandishi wengi wa tamthilia ndefu, na dawa yake ni kutomkabidhi mhusika wa pembeni jambo ambalo hadithi haiwezi kusonga bila yeye.

Mwishoni mwa 1966 hadi Januari 1967: mikono mingine

Skripti ilipitia kwa Steven Carabatsos, mhariri wa hadithi, bila kuridhisha. Ikaenda kwa Gene L. Coon, aliyekuwa mtayarishaji. Kisha ikamfikia Dorothy Fontana, aliyewahi kuwa katibu wa Roddenberry na sasa alikuwa mhariri wa hadithi. Fontana alikuwa rafiki wa Ellison, na kwa miaka mingi hakumwambia kwamba naye aliigusa kazi yake.

Tiba kubwa ilikuwa kumtoa Beckwith na kumweka Daktari McCoy, tabibu wa Enterprise. Enterprise inatikiswa na mawimbi ya wakati yanayotoka kwenye sayari. Sulu, mwendesha chombo, anaumia kwenye meza yake ya uongozaji. McCoy anamdunga matone machache ya kordrazini, dawa ambayo jina lake na matumizi yake ni ya Fontana. Chombo kinatikisika tena, sindano inamgeukia daktari mwenyewe, na dawa yote iliyobaki inaingia mwilini mwake. Kirk anaeleza kwenye kumbukumbu zake kwamba matone mawili huokoa maisha, na McCoy ameingiwa na mara mia ya kiasi hicho. Daktari anapagawa, anakimbia, anateremka kwenye sayari.

Tukio lote linapigwa ndani ya chumba cha uongozi kilichokwisha jengwa, kwa waigizaji wanaolipwa kila wiki, na linamalizika kabla ya tangazo la kwanza. Beckwith na LeBeque wameondoka pamoja na mishahara yao, na uhalifu uliohitaji maelezo umegeuka ajali ambayo kila mtu anaielewa kwa kuitazama.

Lakini faida kubwa iko mwishoni. Beckwith akitaka kumwokoa Edith, kumzuia ni rahisi kwa mtazamaji, maana ni muuaji. McCoy akitaka kumwokoa, anafanya kile ambacho daktari yeyote angefanya. Hapo wema wenyewe unakuwa hatari. Na anayemzuia si Spock tena. Kirk anamkumbatia McCoy na kumbana kwa nguvu, ameyafumba macho, nyuma yao breki za lori zinalia na mwanamke anapiga yowe. Lisilobudi hutendwa, na safari hii linatendwa na yule anayempenda.

Hapa ndipo Ellison na wenyeji wake walipoachana kabisa. Kwake yeye, Kirk akiweza kutenda, upendo wake umepungua. Kwa Roddenberry, kapteni asiyeweza kutenda hawezi kurudi wiki ijayo kuongoza watu 400. Hoja zote mbili ni za kweli. Mfululizo wa kila wiki una mahitaji ambayo hadithi inayosimama peke yake haina, na sisi tunaona uamuzi wa studio ulikuwa sahihi kwa Star Trek, ingawa rasimu ya Ellison inauma zaidi ukiisoma peke yake.

Tiba ya pili ilikuwa ya Condor. Maharamia wote walifutwa. Badala yake, Kirk na wenzake wapo kwenye sayari, McCoy amekwisha ruka langoni, na Uhura, ofisa wa mawasiliano, anaita Enterprise bila kupata jibu. Mlinzi wa lango anawaambia kwamba chombo chao na yote waliyoyajua hayapo tena. Basi. Kirk anatazama nyota. Hilo tu linatosha kuonyesha dunia iliyopotea, na gharama yake ni kimya. Ukiiga kitu kimoja kutoka shajara hii, iga hiki.

Ya tatu: wazee warefu waligeuzwa kuwa pete moja kubwa ya mawe yenye umbo lisilo sawa, inayosema kwa sauti ya Bartell La Rue. Ndani yake zinapita picha za historia, ambazo ni vipande vya filamu za zamani. Hakuna jengo lililohitajika.

Ya nne ilihusu uzito wa Edith. Ilibidi mtazamaji aelewe haraka kwa nini mtu mwema afe. Spock anaunganisha trikoda yake, kifaa cha mkononi cha kurekodi na kupima, na redio za 1930 na kupata magazeti mawili. Kwenye moja Edith amekufa ajalini mwaka huo. Kwenye jingine ni 1936 na anakutana na Rais Roosevelt. Akiishi, vuguvugu lake la amani linaichelewesha Marekani kuingia vitani, Ujerumani inapata bomu la atomiki kwanza, na ustaarabu uliozaa Enterprise hautokei. Yeye yuko sahihi kuhusu amani, ila wakati haujafika.

Maelezo ya namna hii hukausha tamthilia. Walichofanya ni kuyatia kwenye njaa na fedha. Edith anawalipa senti 15 kwa saa, saa 10 kwa siku, na chumba ni dola 2 kwa wiki. Spock anasema angehitaji ratili tano au sita za platini. Kirk anarudi na mboga za Spock, soseji na mkate wake mwenyewe, na anasema sehemu tisa kati ya kumi za mapato yao ya siku tatu zimeishia kwenye vifaa vya redio. Ukipiga hesabu, wawili kwa siku tatu ni dola 9, kwa hiyo vifaa viligharimu dola 8 na senti 10. Mtazamaji anacheka, na huku anajifunza kwamba mashine ni dhaifu na muda ni mchache.

1 Februari 1967: rasimu ya kupigia picha

Mkono wa mwisho ulikuwa wa Roddenberry. Ellison alipoiona aliomba jina lake liondolewe na liwekwe Cordwainer Bird, jina alilolitumia pale alipotaka watu wajue kazi imeharibiwa. Roddenberry alikataa. Kwenye skrini aliyetajwa kuwa mwandishi ni Ellison peke yake. Carabatsos, Coon, Fontana na Roddenberry hawakutajwa kwa uandishi huo.

Tukio moja la rasimu hii linastahili kutazamwa kwa karibu. Edith anateremka ngazi, mguu unateleza, Kirk anamdaka. Spock ameona, na anamkumbusha kwamba huenda hiyo ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Kirk anajibu kwamba bado, McCoy hajafika. Ni tukio la nusu dakika kwenye ngazi za ndani, bila kifaa chochote. Limewekwa hapo ili mwili wa Kirk ujifunze kumwokoa kabla haujalazimishwa kuacha. Bila ngazi hizo, pale barabarani tungeona mtu amesimama tu. Kwa kuwa tumeona mkono ukinyooka wenyewe, tunajua ni nini kinachozuiwa.

Ajali yenyewe inasababishwa na kukutana kwao. Edith anamtaja Daktari McCoy, Kirk anashtuka, anamwambia abaki pale alipo, anavuka mbio kumwita Spock. McCoy anatokea mlangoni, wanakumbatiana kwa furaha, na Edith anavuka barabara kwa kushangaa. Furaha yao ndiyo inayomvuta mbele ya lori.

Februari 1967: kupiga picha

Mwongozaji alikuwa Joseph Pevney, na Edith aliigizwa na Joan Collins. Mitaa ya New York ilipigwa kwenye kiwanja cha Forty Acres, Culver City, ambacho tamthilia nyingine zilikitumia pia. Kwenye matembezi ya usiku ya Kirk na Edith, bango la kinyozi Floyd wa The Andy Griffith Show linasomeka dirishani. Ukikodi mtaa uliojengwa tayari, tuma mtu mmoja akague mabango kabla ya kamera kuwaka.

Kosa jingine la wakati liko kwenye maneno: Edith anamtaja Clark Gable kama nyota wa sinema, lakini mwaka 1930 Gable alikuwa bado hajapata umaarufu huo.

Siku sita hazikutosha. Kazi ilizidi kwa siku moja na nusu hivi, na hesabu ya mwisho ilipita dola 240,000. Kwa hiyo hata baada ya kufuta maharamia, majitu na jiji, bado episodi ilizidi kawaida kwa zaidi ya dola 50,000. Mtaa wa nje, mavazi ya kipindi na usiku ndivyo vilivyokula fedha.

6 Aprili 1967: hewani

Mtandao wa televisheni wa NBC uliionyesha siku hii. Neno la mwisho la Kirk, la kutaka waondoke pale, lina tusi dogo ambalo televisheni ya Marekani miaka hiyo haikulipitisha kirahisi. Lilibaki. Rasimu ya Ellison iliendelea na mazungumzo marefu ya kufariji ndani ya chombo. Iliyotoka haina faraja, ina amri moja na watu wanaopotea.

1968: tuzo mbili kwa maandishi mawili

Ellison aliwasilisha rasimu yake mwenyewe kwa chama cha waandishi, Writers Guild of America, nayo ikashinda. Mwaka huohuo episodi iliyoonyeshwa ilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, ikizishinda nyingine nne ambazo zote zilikuwa za Star Trek.

Nyongeza: 2014

Rasimu ya Ellison ilikwisha chapishwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2014 kampuni ya IDW ikaitoa kama katuni ya matoleo matano. Beckwith, Trooper, Walinzi warefu na jiji wote wamo. Kwa mchoraji, jitu na kiti vinachukua kalamu ileile. Anayetaka kulinganisha majibu ya maswali manne aiweke katuni kando ya episodi, ukurasa kwa tukio.

Nyongeza: wimbo

Kirk na Edith wanapotembea redio inapiga Goodnight, Sweetheart, wimbo uliotoka 1931, mwaka mmoja baada ya hadithi. Mtunzi wa muziki Fred Steiner aliufuma pia ndani ya muziki wa nyuma. Episodi ilipotolewa kwenye kanda za video haki za wimbo zikaleta shida, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeenea, haikutosha kuukata redioni. Sehemu za muziki zilirekodiwa upya kwa kutumia sauti nyingine, na wimbo wa asili ukarudishwa kwenye matoleo ya baadaye. Mkataba wa wimbo uandikwe kwa kila njia ya usambazaji tangu siku ya kwanza, na kabla ya mtunzi kuufuma ndani ya muziki wake.